Kiti cha Safu ya Tatu

Mkewe hakumpa tiketi mkononi. Aliiweka juu ya kikombe chake cha chai, kama kifuniko, ili asipate kunywa kabla ya kuigusa.

"Safu ya tatu, kiti namba kumi na nne," alisema. "Ametuma mwenyewe. Mwandiko wake huo, au umeusahau?"

Mzee Kibendera hakuwa ameusahau. Aliitazama tiketi kwa jicho la pembeni, akaisogeza kwa kidole kimoja, akanywa chai yake. Ilikuwa ya moto mno, ikamuunguza ulimi.

Jina la Kibendera alilipata uwanjani. Kwa miaka ishirini na miwili, kila mwisho wa juma, alisimama kando ya uwanja wa mpira na kibendera mkononi akichunga mstari. Siku nyingine alikuwa kiwandani, kwenye meza ndefu ya kioo yenye taa chini yake, kitambaa kikipita mbele yake mita baada ya mita, naye akitia alama ya chaki penye uzi uliokatika, penye fundo, penye doa. Yaani mtu huyu kazi yake siku saba za juma ilikuwa kutafuta kasoro, na kusema kweli alikuwa hodari. Aliwahi kumkatalia mdogo wake wa damu goli la fainali kwa sababu alikuwa ameotea kwa unyayo mmoja. Mdogo wake alikaa miaka miwili bila kumwamkia. "Alikuwa ameotea," ndilo jibu pekee alilokuwa nalo Mzee Kibendera, hata walipokutanishwa msibani.

Aliyetuma tiketi alikuwa binti yao, mtoto wao wa pekee. Baba yake alimwita Mshale tangu siku alipomwona akikimbia akiwa na miaka saba, na jina likamganda. Alimfundisha mwenyewe, alfajiri kwa alfajiri, saa ya mbio mkononi na daftari mfukoni. Vikombe vikajaa juu ya kabati la sebuleni. Halafu, alipotimiza miaka ishirini, binti alivipanga viatu vyake vya kukimbilia mlangoni, akasema amejiunga na kikundi cha ngoma cha yule msusi wa mtaa wa pili, na mbio basi.

"Kukimbia, mtu anafika mahali!" baba alimwambia siku ile, sauti imepanda mpaka jirani akazima redio apate kusikia vizuri. "Kuna mstari, kuna saa, kuna wa kwanza na wa mwisho. Huko kwenye ngoma utazunguka palepale mpaka uzeeke, na hakuna atakayejua kama umeshinda au umeshindwa."

"Ndiyo maana, baba," binti alijibu, na juma lilelile akahamia kwa shangazi yake.

Miaka mitatu ilipita. Walikutana kwenye harusi na misiba, "Shikamoo baba," "Marahaba," kisha kila mmoja akatafuta sufuria la kwenda kulichungulia. Habari nyingine zote zilipitia kwa mama.

"Nisikilize, Baba Mshale," mkewe alisema sasa, akikaa mbele yake na kuzuia njia ya kutokea. "Miaka mitatu mimi nimekuwa posta. Mwambie baba hivi, mwambie mama vile. Nimechoka, na miguu inaniuma. Leo mtoto ameomba kitu kimoja tu. Ukae kwenye kile kiti, umtazame mpaka mwisho. Usipokaa, salamu zenu tafuteni mtu mwingine wa kuzibeba, na mimi sidhani kama yeye atatuma nyingine."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu."

"Sasa hiyo nayo ni kazi?"

"Kwako ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Tangu unioe sijakuona umekaa."

Ukumbi ulikuwa wa shule, ule wa kufanyia mitihani. Madawati yalikuwa yametolewa nje na sakafu imepigwa deki. Hakukuwa na jukwaa. Vikundi vya mashindano ya ngoma vingecheza palepale chini, mbele ya viti, ndani ya mraba uliozungushiwa utepe mweupe. Mwaka uliotangulia majaji nusura washikane mashati, kila mmoja na kikundi chake, kwa hiyo mwaka huu kamati iliamua kuleta sheria za kimichezo na kuzibandika wiki mbili kabla. Dakika tano, si zaidi. Alama kwa kuruka juu, alama kwa kwenda sawa. Na mchezaji akikanyaga nje ya mstari, kikundi chake chote kinatolewa. Mzee Kibendera alizisoma mara mbili mlangoni, akaona ni sheria za watu wenye akili, akaingia moyo umetulia kidogo.

Ulitulia mpaka alipokaa. Mkewe alikimbilia nyuma na sindano na uzi, maana yeye ni fundi cherehani, na nguo zote za kikundi cha Mshale alizishona yeye, kwa siri ambayo mumewe aliijua na kujitia haijui. Mzee akabaki peke yake kwenye kiti namba kumi na nne. Kilikuwa ukingoni mwa njia inayopita katikati ya viti, hatua tano tu kutoka kwenye utepe.

Aliweka mikono juu ya magoti. Akaiondoa. Akaikunja kifuani, akahisi anafanana na mtu aliyenuna, akaikunjua. Watu wengine walikuwa wamekaa tu, wanacheka, wanaonyeshana picha kwenye simu, kana kwamba kukaa ni jambo ambalo binadamu huzaliwa akilijua. Yeye kijasho chembamba kilianza kumtoka. Angemtazama vipi? Angejuaje kama amecheza vizuri? Na kama angecheza vibaya, huu uso wake mwenyewe angeupeleka wapi, maana binti angekuwa anauona waziwazi kutoka pale mbele? Aliogopa. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya mashabiki maelfu wakimtukania mama yake, aliogopa kiti cha plastiki.

"Mzee Kibendera! Mungu mkubwa!"

Alikuwa katibu wa kamati, mtu waliyejuana naye tangu enzi za ligi, shati limemlowa mgongoni. "Mwangalizi wangu wa mstari ameteguka mguu kwenye ngazi, sasa hivi hivi. Sina mtu. Nakuomba, kaka, niokoe."

"Mwanangu anacheza. Kikundi cha tatu."

Hilo alilisema, na lazima apewe haki yake. Katibu alicheka mpaka akashika kiuno. "Wewe? Wewe uliyemkatalia ndugu yako goli la fainali? Nani atakushuku wewe!"

Akamnyooshea kibendera chekundu, kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Hapo ndipo angeweza kusema hapana. Neno lenyewe fupi, na alikuwa amelitumia maisha yake yote. Lakini mkono ulikuwa umeshafumba juu ya mti wa kibendera, naye akasimama, na kusimama kulimpa raha kubwa kiasi kwamba hakujiuliza tena. Alivua koti akaliacha juu ya kiti ili kisichukuliwe na mtu. Alijiambia kwamba koti linatosha kwa dakika tano. Alijiambia pia kwamba pale kwenye kona angemwona binti kwa karibu zaidi kuliko yeyote. Mzee huyu, akitaka kujidanganya, alikuwa hodari wa hilo nalo.

Kikundi cha kwanza kilicheza na kutoka salama. Cha pili kilikuwa cha vijana wanne wa kurukaruka, wepesi ajabu, na ukumbi ulikuwa umeshaanza kuwapenda pale mmoja wao alipojizungusha hewani akatua, kisigino kikiwa nje ya utepe kwa upana wa kidole. Kibendera kikapanda. Katibu akabonyeza kitufe, muziki ukakatika ghafla, na wale vijana wakabaki wamesimama pale, mmoja bado mguu hewani. Ukumbi ulizomea. Mzee Kibendera hakutikisika. Kuzomewa alikuzoea kama mtu anavyozoea kelele za mashine. Yule kijana aliyekosea alijifunika uso kwa fulana yake akatoka akilia. Hata kwenye mpira hulia, mzee aliwaza.

Kisha akageuza macho kwenye safu ya tatu.

Mkewe alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama kando ya kiti namba kumi na nne, koti la mumewe mkononi, anamtazama. Hakuita, hakupunga mkono. Alitikisa kichwa mara moja tu, polepole, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe na kulipakata lile koti. Moyo wa mzee ulimpasuka paa. Bado kulikuwa na nafasi. Angeweza kumrudishia katibu kibendera chake na kwenda kukaa. Alipiga hata hatua moja. Ndipo katibu akatangaza kikundi cha tatu, watu wakapiga makofi, na wachezaji wakaanza kuingia ndani ya mraba.

Mchunga mstari hutazama mstari. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyowafundisha wengine: ukiinua macho kumtazama mchezaji usoni, umeshapitwa na mguu. Kwa hiyo alichokiona Mzee Kibendera kikiingia kilikuwa miguu. Miguu kumi na kitu, mitupu, na kati yake miwili aliyoijua kuliko yake mwenyewe. Kovu kwenye muundi wa kushoto, pale Mshale alipoanguka akiwa na miaka kumi na miwili. Kidole gumba cha kulia kisicho na kucha. Alikuwa ameifunga bendeji miguu ile, ameikanda kwa maji ya moto, ameihesabia hatua. Sasa ilisimama katikati ya mraba, imeelekea kwenye viti, na haikusogea. Alielewa. Ilikuwa imeelekea safu ya tatu. Ilikaa hivyo kwa muda mrefu mno, mpaka mtu mmoja akakohoa. Halafu ikageuka, taratibu, kuelekea kwenye kona yake.

Alihisi anatazamwa. Alikaza macho kwenye utepe.

Kikundi hiki hakikuwa na muziki wa kwenye mashine. Walikuja na wapiga ngoma wawili, wamekaa kwenye viti vifupi ukutani, na mdundo ulipoanza, aliusikia kwanza kwenye nyayo zake. Miguu ya Mshale ilipiga goti moja chini, kidole nyuma, mkao wa kuanza mbio. Mkao alioufundisha yeye. Kisha ikakimbia, lakini palepale, bila kusogea hata shubiri, kasi, kasi, kasi, na pembeni yake vikaja viatu.

Viatu vyeusi, vizito, kamba nyeupe. Vilitembea kwa kujikakamua, vikasimama mahali ambapo mbio zingeishia, vikasubiri. Ukumbi uliangua kicheko. Mzee Kibendera alivitazama vile viatu na masikio yake yakapata moto, maana vilikuwa vyake mwenyewe, na alikuwa amevitafuta nyumba nzima mwezi mzima, chini ya kitanda, darini, mpaka akamshuku mbwa wa jirani. Mkewe alimwambia labda vimeenda kutembea.

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Walikuwa wanamcheza yeye.

Miguu ilikimbia, ikafika, viatu havikugeuka. Ikarudi, ikakimbia tena, ikafika, viatu vikapiga kisigino mara moja chini, kwa amri, na ikarudi tena. Kicheko kilipungua kila mara. Kufikia mara ya tano hakuna aliyekuwa anacheka, na mzee akasikia mwanamke mmoja nyuma yake akisema kwa sauti ndogo, "Jamani, si amwangalie." Mdundo ulikuwa umebana kama pumzi. Jasho lilidondoka kwenye kope zake naye hakulifuta. Alitamani mtu atokee nje ya mstari, yeyote, upande mwingine kabisa, ili iishe.

Halafu viatu vikatoka. Miguu ikabaki peke yake, ikaanza kufanya jambo ambalo hakulifundisha. Haikwenda mbele wala haikurudi. Ilizunguka, ikapepesuka makusudi, ikajiokoa, ikapepesuka tena, na wengine wote wakajiunga nayo mpaka sakafu ya ule ukumbi ikawa inatetema. Alijaribu kuona nani yuko mbele. Hakukuwa na mbele. Na bado moyo wake ulikuwa unadunda kama dakika ya mwisho ya fainali, akakasirika, hakujua amkasirikie nani.

Miguu ya Mshale ilikuja mpaka kwenye utepe, pale inapoanzia njia ya katikati ya viti. Ikasimama. Vidole vilikuwa nusu shubiri kutoka kwenye mstari. Mbele yake, hatua tano, kulikuwa na kiti na hakuna mtu juu yake. Ngoma zilishuka, zikawa zinagonga polepole, zikisubiri. Kisha miguu ikageuka na kuanza kuja kwake, ikiufuata mstari kwa ndani, hatua kwa hatua.

"Usifanye hivyo," alisema kimoyomoyo. "Baki ndani, mwanangu. Baki ndani."

Ilifika. Ilikuwa mbele yake kabisa, karibu kiasi kwamba alisikia pumzi za binti. Mguu wa kulia ukainuka, ukakaa hewani, ukavuka utepe, ukatua nje. Unyayo mzima, kisigino na vidole, katikati ya viatu vyake.

Mkono ulipanda. Hakuuambia upande, ulipanda wenyewe kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, na kibendera chekundu kikasimama juu ya vichwa vyao. Katibu alibonyeza kitufe chake. Hakuna kilichozimika. Alibonyeza tena, akainuka, akapunga mikono kuelekea kwa wapiga ngoma, nao wakamtazama kama mtu anayeuza kitu wasichokihitaji, wakaongeza kasi. Wachezaji wote waliendelea. Mshale aliendelea, nje ya mstari, akimzunguka baba yake aliyesimama mkono juu kama nguzo ya taa, mara moja, mara mbili, mara tatu. Watu walikuwa wameinuka kwenye viti. Katika maisha yake yote Mzee Kibendera hakuwahi kuinua kibendera mchezo usisimame. Hakujua mkono unashushwa lini.

Ngoma zilipokoma, zilikoma kwa wakati wao wenyewe. Katibu akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kikundi cha tatu kimetolewa, na jina lake halikusikika kwa makofi.

Mzee Kibendera aliijaza fomu ya kosa kwenye dawati nje ya mlango. Mguu gani: wa kulia. Dakika: ya nne. Umbali: unyayo mzima. Kila kitu kilikuwa sahihi. Alimrudishia katibu kibendera, akashika njia ya korido ya nyuma, ambako wachezaji walikuwa wanabadilisha nguo. Alitegemea kukuta vilio. Alikuta watu wanapitisha chupa ya maji na kucheka.

Msusi, kiongozi wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa wa kwanza kumwona. "Shikamoo, mzee. Umefanya kazi yako, usijali."

"Marahaba. Sheria mliisoma?"

"Tuliisoma ilipobandikwa tu. Tukakaa saluni kwangu, watu kumi na mmoja, tukapiga kura." Alifuta jasho shingoni. "Ngoma yetu inaishia kwenye kiti chako. Hujui? Anatoka, anapita katikati ya watu, anakushika mkono, anakuinua. Basi, imekwisha. Sasa tukate mwisho tupate kombe, au tuache mwisho tutolewe? Kura zote kumi na moja zikaenda kwenye kiti. Hata wapiga ngoma, na wale hawakubaliani na kitu."

"Mlijua mnatolewa, na mkaja?"

"Tulikuja kucheza, mzee," msusi alisema, akashangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa.

Mzee akampita, akaendelea na korido.

Binti alikuwa mwisho wa korido, amekaa kwenye ngazi, anafuta nyayo kwa kitambaa kilicholowa. Mama yake alisimama kando yake na lile koti, midomo ameibana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Hapo ndipo walipokuwa wakiishia siku zote. Hakukuwa na sufuria la kuchungulia.

"Mguu wa kulia," alisema hatimaye. "Unyayo mzima."

"Nilikanyaga wote makusudi. Sikutaka upate shida ya kuamua."

Mama alitoa sauti puani. Mshale aliweka kitambaa chini. Sauti yake haikuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililomtisha baba yake zaidi. "Nikuulize kitu kimoja, baba. Pale mwisho, nilipokuwa mbele yako. Nilikuwa nacheka au nalia?"

Alifungua mdomo. Kovu alilikumbuka. Kidole kisicho na kucha, hatua zote kutoka kwenye njia mpaka kwenye kona, saba na nusu, alizikumbuka. Alitafuta uso, na mahali pa uso hapakuwa na kitu. Angeweza kubahatisha, moja kati ya mawili. Mkewe alikuwa anamtazama kwa macho ya kumsihi abahatishe.

"Sikuona," alisema.

Neno hilo hakuwahi kulitamka uwanjani hata siku moja.

"Hakuona!" mkewe alifoka. "Mtoto amekuja mpaka puani kwake, hakuona!"

"Mwache, mama. Angalau hajanidanganya." Binti aliinuka taratibu, akaanza kukusanya vitu vyake, kitambaa, chupa, ndala. Alikuwa anaondoka. Mzee Kibendera aliona kwa uhakika kabisa, kama anavyoona uzi uliokatika juu ya taa, kwamba akiondoka sasa hakutakuwa na tiketi nyingine.

"Rudia," alisema.

"Nini?"

"Ule mwisho. Rudia hapa. Nitatazama."

"Hapa koridoni? Bila ngoma?"

"Nakuomba, mwanangu."

Mshale alimtazama mama yake. Mama alilitundika koti kwenye bega lake akaanza kupiga makofi, madogo, ya mdundo uleule aliousikia jioni zote akipima nguo zao. Binti aliweka vitu chini. Akarudi hatua saba na nusu, akaanza kuja.

Mikono ya mzee ilitapatapa kutafuta kitu cha kushika. Aliificha mgongoni. Macho yalitaka kuanguka kwenye miguu, yalianguka, akayainua kwa nguvu. Yakaanguka tena, akayainua tena. Akamtazama binti yake usoni, akabaki hapo, ingawa ilimchoma kama kutazama jua.

Hakuwa anacheka, wala hakuwa analia. Midomo ilikuwa imekaza, macho yamepanuka, yanamsubiri. Alikuwa ameshauona uso huo. Ulikuwa wa mtoto wa miaka saba aliyemaliza mbio akageuka kumtafuta baba yake, na baba ameinama anasoma saa. Aliuona wakati ule kwa pembe ya jicho, akaendelea kuandika.

"Unaogopa," alisema.

Makofi yalikoma.

"Unaniogopa mimi."

Binti alisimama mahali alipofika. "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabati lilipoanza kujaa vikombe."

Iliuma. Iliuma mahali ambapo hakujua kwamba kuna mahali. Aliona aseme pole, akaona ni ndogo mno, akasema kile kilichokuwepo. "Hata mimi niliogopa leo. Kile kiti. Sikujua nikae vipi unione. Ndiyo nikachukua kibendera."

Mkewe alilirekebisha koti begani.

Mzee Kibendera alitoa mikono mgongoni. Hakuwahi kucheza, hata siku ya harusi yake. Siku hiyo alisimama pembeni akihakikisha viti vya wageni vimepangwa sawa. Alitoa mguu wa kulia mbele. Akaurudisha. Akatoa wa kushoto, goti likalia. Mama akaanza tena kupiga makofi, na mumewe akaupoteza mdundo palepale, akaudaka, akaupoteza, mabega juu, mikono haijui iende wapi, na wachezaji wa kikundi cha tatu wakaja mmoja mmoja kusimama koridoni kutazama. Alijua kila alichokosea. Angeweza kukitia chaki chote, hatua kwa hatua. Alisubiri mtu aseme.

Alipoishiwa pumzi aliinua macho kwa binti yake, aone ni wapi pabaya zaidi.

Mshale hakuwa ameitazama miguu ya baba yake hata mara moja. Alikuwa anamtazama usoni.